Madoa Meupe Kwenye Mashua ya Mjomba

Mjomba wangu amevua kutoka pwani ya Sahare, hapa Tanga, kwa zaidi ya miaka arobaini, na katika miaka yote hiyo sijamwona akiingia baharini bila kwanza kusugua ukingo wa mashua yake kwa kumbi la nazi na maji ya chumvi, akiondoa madoa meupe ambayo ndege huyaacha. Kazi hiyo huifanya kwa manung'uniko ya sauti ya juu, na nadhani majirani wa pale ufukweni wangepotewa na saa kama siku moja angenyamaza. Mwezi wa Januari nilimkuta katikati ya shughuli hiyo.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mwanangu. Njoo uone kazi ya hawa wenzako. Wanakula samaki wetu, kisha wanatunyea.”

Nilimkumbusha kwamba ni yeye mwenyewe aliyenifundisha, nikiwa na umri wa miaka kumi hivi, kuwatafuta buabua kabla ya kuwatafuta samaki: wakikusanyika mahali pamoja na kujitupa majini mmoja baada ya mwingine, ujue chini yao kuna vibua au dagaa waliosukumwa juu na jodari, na nahodha mwenye akili hugeuza chombo mara moja. Alikubali, lakini kwa masharti. Ndege, alisema, ni mpelelezi mzuri; ila akishamaliza kupeleleza anabaki kuwa mlaji tu, anachukua na harudishi kitu.

Neno hilo la “harudishi kitu” ndilo lililonikalisha kuandika, kwa sababu si la mjomba peke yake. Ninafundisha baiolojia, na kila mwaka ninachora ubaoni mchoro uleule wa chakula cha baharini: mimea midogo isiyoonekana kwa macho, kisha uduvi, kisha samaki, kisha ndege, na mishale yote ikielekea juu. Ndege hukaa pale mwisho kama nukta ya kufungia sentensi, wala hakuna mshale unaotoka kwake kurudi chini. Niliuchora hivyo kwa muda mrefu bila kujiuliza, mpaka nilipoanza kusoma habari za ndege wa Aktiki na Antaktika, yaani pande za barafu za kaskazini na kusini mwa dunia, ambako mshale huo wa kurudi ni mnene kiasi cha kuonekana kutoka angani, na hapa sisemi kwa mafumbo, kama nitakavyoeleza mbele.

Huenda msomaji akashangaa kwa nini mtu wa Tanga aende mbali hivyo kutafuta jibu la mjomba wake. Sababu ni kwamba bahari yetu ina mambo mengi mno kwa wakati mmoja. Katika tumbawe moja tu la hapo Yambe kuna aina za samaki ambazo sitamaliza kuzitaja, na kila aina ina njia zake tatu nne za kupata riziki, hivyo ukiondoa mmoja, pengo lake huzibwa na mwingine na wewe mtazamaji usione kitu. Bahari za barafu ziko kinyume. Chini kuna mwani mdogo sana, mwingine ukiota kwenye upande wa chini wa barafu yenyewe; juu kuna ndege kwa mamilioni, pamoja na sili na nyangumi; na katikati, mahali ambapo sehemu kubwa ya chakula hicho hulazimika kupita, pana aina chache tu za viumbe. Wataalamu huuita mpango wa namna hiyo kiuno cha nyigu, nami nilifurahi kuona kwamba picha hiyo tulikuwa nayo tayari, ingawa sisi huitumia kusifia watu.

Kusini, kiuno hicho ni krili. Mtu wa pwani hahitaji maelezo marefu: ni uduvi, ila ni uduvi anayefikia urefu wa sentimita 6, anayeweza kuishi miaka mitano au sita, na ambaye uzito wa jumla yake katika Bahari ya Kusini hukadiriwa kwa mamia ya mamilioni ya tani. Pengwini, albatrosi, sili na nyangumi wote hurejea kwake kwa njia moja au nyingine. Kaskazini, mahali pa krili hushikwa na kopepodi wa jenasi ya Calanus, wanyama wa jamii ya kamba wenye urefu wa milimita chache tu lakini waliojaa mafuta, pamoja na samaki mdogo wa maji ya barafu ambaye vitabu humwita Boreogadus saida.

Kati ya ndege wote wa kaskazini, aliyenishangaza zaidi ni yule ambaye hata jina la Kiswahili hana. Wanasayansi humwita Alle alle. Ni mweusi mgongoni na mweupe tumboni, uzito wake ni gramu 160 hivi, na chakula chake kikuu ni hao kopepodi. Watafiti waliomfuatilia mashariki ya Greenland walikadiria kwamba wakati wa kulea kinda, ndege mmoja huhitaji kukamata kopepodi wapatao 60,000 kwa siku. Nambari kama hiyo huingia sikio moja na kutokea la pili, kwa hiyo nilinunua kopo la uduvi sokoni Mgandini, nikamwaga kijiko kimoja cha chakula juu ya gazeti na kuanza kuhesabu. Walikuwa 241, pamoja na vichwa viwili visivyo na wenyewe. Mke wangu alipita mara mbili bila kusema neno, na mara ya tatu akaniuliza kama shule zimefungwa. Kwa hesabu ya uduvi wangu, ndege yule angehitaji vijiko karibu 250 kila siku, ingawa kopepodi ni wadogo zaidi na mlinganisho wenyewe haukai sawa. Ukitaka kuipima kwa saa, ni mnyama mmoja kwa kila sekunde moja na nusu, usiku na mchana, na kule majira ya kiangazi usiku haupo.

Sasa, hesabu ya ndege ni ya idadi, lakini njaa ya kinda ni ya mafuta. Kopepodi wa maji baridi ya Aktiki ni wakubwa na wana mafuta mengi, ilhali wale wanaoletwa na maji ya Atlantiki yenye joto zaidi ni wadogo na mafuta yao ni kidogo. Maji hayo ya Atlantiki yanapoingia mahali, kama inavyotokea pande za Svalbard, visiwa vilivyo kaskazini mwa Norwe, bahari inaweza kuwa imejaa chakula na bado mzazi akalazimika kuruka mbali zaidi kutafuta chakula chenye maana. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwa nini watafiti wa huko huwatumia ndege kama kipimo: mtu akiwa juu ya meli huona kwamba kopepodi wapo, lakini ni kinda peke yake anayesema kama wanashibisha.

Ushahidi mkali zaidi wa jambo hilo ulitokea kwenye kisiwa cha Bjørnøya, kati ya Norwe na Svalbard. Katika Bahari ya Barents kuna samaki mdogo aitwaye kapelini, ambaye kwa kazi yake ningemwita dagaa wa huko, na katikati ya miaka ya 1980 idadi yake ilianguka vibaya. Ndege wa jenasi ya Uria, ambao hutaga kwenye kingo nyembamba za majabali wakiwa wamebanana bega kwa bega, walihesabiwa kisiwani hapo mwaka 1986 na tena mwaka 1987, na katika mwaka huo mmoja aina moja ilipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Aina ya pili, ndugu yake wa karibu anayetaga kwenye majabali yaleyale, haikudhurika kwa kiwango hicho, kwa sababu chakula chake kilikuwa cha namna nyingi zaidi. Ningependa kila anayepanga mambo ya uvuvi, popote alipo, awe na taarifa hiyo mezani, maana inaonyesha upesi ambao kiuno cha nyigu kinaweza kukatika.

Mpaka hapa, hata hivyo, nimemsaidia mjomba kuliko kumjibu, kwa kuwa yote niliyoyasema ni habari za kula. Tuje kwenye madoa.

Kaskazini-magharibi mwa Greenland, ng'ambo ya Kanada, kuna eneo la bahari ambalo haligandi lote hata katikati ya majira ya baridi, na Wainuiti huliita Pikialasorsuaq. Kandokando yake, kwenye miteremko ya mawe yaliyovunjikavunjika, Alle alle huzaliana kwa makumi ya mamilioni. Mzazi hurudi kutoka baharini akiwa amejaza kopepodi katika mfuko ulio chini ya ulimi, koo limevimba kama la mtu mwenye tezi, na kabla hajaingia chini ya jiwe lake huwa ameshaangusha kidogo cha alichokula mwenyewe. Kidogo hicho, kikizidishwa kwa mamilioni ya ndege na kwa maelfu ya miaka, kimebadilisha nchi. Sehemu kubwa ya ardhi ya huko ni mawe na baridi kali isiyoota kitu cha maana. Lakini chini ya mazalio ya ndege hawa kuna zulia la majani na kuvumwani la kijani kibichi, na juu yake wanalisha mabata bukini, sungura wa Aktiki na wale ng'ombe wa mwituni wenye manyoya marefu yanayokaribia kufagia ardhi. Mbweha naye hupata mayai na makinda. Nitrojeni na fosforasi iliyo katika majani hayo ilikuwa, wiki chache zilizopita, mwilini mwa kopepodi baharini. Bahari imepandishwa mlimani kwa mabawa.

Watu pia wamo katika hesabu hiyo. Wainuiti wa pande hizo huwanasa ndege hawa kwa wavu wenye mpini mrefu, na mojawapo ya vyakula vyao vya akiba hutengenezwa kwa kushindilia mamia ya ndege wazima ndani ya ngozi ya sili, kuishona, kuifukia chini ya mawe na kuiacha kwa miezi michache. Nimeona watu wakikunja pua wanaposimuliwa habari hiyo. Sisi ambao nyumba zetu hunukia papa mkavu mtaa mzima tungefaa kuwa wa mwisho kukunja.

Kusini mambo yamepangwa kwa namna nyingine, na chanzo chake ni mbweha, au tuseme kutokuwapo kwake. Aktiki ni bahari iliyozungukwa na nchi kavu, hivyo mbweha na dubu huweza kufika karibu kila mahali, na ndege wengi wa baharini hulazimika kutaga kwenye majabali au mashimoni na kubaki na uwezo wa kuruka. Antaktika ni nchi iliyozungukwa na bahari, haina mnyama wa nchi kavu wa kuwinda, na kwa hiyo pengwini, ingawa haruki, ameweza kutaga juu ya ardhi tupu na kukusanyika kwa malaki, akiwahofia ndege waitwao skua wanaoiba mayai na sili-chui anayemngoja majini. Mkusanyiko wa namna hiyo hutoa kinyesi kingi mno mahali padogo, na kinyesi cha mla krili kina rangi ya waridi.

Umuhimu wake ni huu. Sehemu kubwa ya Bahari ya Kusini ina nitrojeni na fosforasi ya kutosha, na bado mwani wake hauoti kwa kiwango ambacho ungetarajia. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mtaalamu wa Marekani John Martin na wenzake walionyesha kwamba kinachokosekana katika maji ya aina hiyo ni chuma. Chuma hutoka nchi kavu, katika vumbi na udongo, na Antaktika imefunikwa na barafu. Krili hukusanya chuma kwa kula mwani. Pengwini hukusanya krili. Na kinyesi cha pengwini kikisombwa na maji ya theluji inayoyeyuka, chuma hicho hurudi kwenye tabaka la juu la bahari, pale penye mwanga, ambapo mwani unaweza kukitumia tena. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 kuhusu aina moja tu ya pengwini, yule mwenye utepe mwembamba mweusi chini ya kidevu, ulikadiria kwamba ndege hao hurudisha baharini takribani tani 520 za chuma kila mwaka, na kwamba kiasi hicho ni karibu nusu ya kile cha miaka ya 1980, kwa kuwa pengwini hao wenyewe wamepungua. Mshale wa kurudi, ambao mimi sikuwa nauchora, una uzito unaopimika kwa tani.

Kuna jambo jingine katika duara hili ambalo nalipenda kwa sababu linahusu harufu. Mwani wa baharini unapoliwa na krili hutoa gesi yenye salfa iitwayo daimethili salfaidi, ambayo ni sehemu ya ile harufu tunayoiita harufu ya bahari. Mwaka 1995 mtafiti Gabrielle Nevitt na wenzake walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba baadhi ya ndege wa jamii ya albatrosi, wale wenye mirija midogo juu ya mdomo, huifuata harufu hiyo juu ya bahari isiyo na alama yoyote ya njia. Ndege anafuata harufu ya mwani unaoliwa, anamkuta mlaji, anamla, kisha anaangusha chuma juu ya mwani uleule. Kama ningekuwa mwani, ningeona kwamba nimeita mlinzi kwa kunukia. Mjomba naye hutumia pua. Husema kwamba usiku wa giza hujua amekaribia mikoko kabla hajaiona.

Niliahidi kueleza habari ya kuonekana kutoka angani. Watafiti walikuwa wakichunguza picha za setilaiti za Landsat, ambazo huzunguka kwa kimo cha kilomita 705 hivi, wakitafuta mahali ambapo rangi ya ardhi ni ile ya waridi ya kinyesi. Pengwini mmoja hawezi kuonekana kwenye picha hizo, wala mia. Madoa lakini yalionekana, tena makubwa, kwenye Visiwa vya Danger karibu na ncha ya Rasi ya Antaktika, mahali ambapo barafu ya bahari huzuia meli nyingi kufika na ambapo hakuna aliyetarajia mazalio makubwa kiasi hicho. Watu walipofika na kuhesabu kwa macho na kwa picha zilizopigwa na ndege zisizo na rubani, walipata majozi zaidi ya 750,000 ya pengwini wa Adélie, na habari hiyo ikatangazwa mwaka 2018. Kwa njia kama hiyohiyo hutafutwa makundi ya pengwini mkubwa kuliko wote, pengwini mfalme wa barafu, ambaye dume lake hukaa miezi miwili ya majira ya baridi na yai juu ya miguu bila kula.

Habari za huyo wa mwisho si njema. Yeye hulea makinda juu ya barafu ya bahari, na kinda lisilo na manyoya ya kuzuia maji likiangukia majini halina maisha. Mwishoni mwa mwaka 2022, katika eneo la Bahari ya Bellingshausen, pembeni mwa Antaktika, barafu ilivunjika mapema, na kati ya mazalio matano yanayojulikana hapo, manne yalipoteza makinda yote, au karibu yote. Krili naye anaitegemea barafu hiyo, kwa kuwa wachanga wake hujilisha kwa mwani ulio chini yake wakati wa baridi. Kwa hiyo barafu ikipungua, shamba, ghala na kitanda cha mtoto vyote huharibika kwa pamoja. Juu ya hayo imeongezeka homa ya mafua ya ndege ya H5N1, iliyothibitishwa katika skua wa visiwa vya karibu mwezi Oktoba 2023 na kwenye bara lenyewe mwezi Februari 2024.

Ndege anayeziunganisha ncha hizo mbili ni buabua, ndugu wa hawa wa mjomba. Buabua wa Aktiki ana uzito wa gramu 100 hivi, na vifaa vya gramu 1.4 walivyofungwa miguuni baadhi yao katika utafiti wa Carsten Egevang na wenzake, uliochapishwa mwaka 2010, vilionyesha kwamba huruka wastani wa kilomita 70,900 kwa mwaka, akizaa kaskazini na kwenda kula krili kandokando ya barafu ya kusini. Pwani yetu haimo katika njia yake ya kawaida. Lakini hatukukosa kabisa mgeni wa kaskazini: miongoni mwa shakwe wakubwa, wenye mgongo wa kijivu kizito, wanaogombea matumbo ya samaki pale soko la Deep Sea wakati wa kaskazi, wamo wa aina inayozaliwa kwenye tundra, ile nyika baridi isiyo na miti, ya kaskazini mwa Urusi, kando ya Bahari ya Aktiki, na kurudi huko masika yakikaribia.

Juzi nilirudi Sahare na kumsimulia mjomba yote haya, nikiwa nimekaa juu ya ngalawa iliyofudikizwa, na yeye akiendelea na kazi yake. Habari ya chuma aliisikiliza kwa adabu. Ya Visiwa vya Danger ilimfanya asimame.

“Kwa hiyo wasomi wote hao, na vyombo vyao vya angani, walitafuta ndege kwa kufuata mavi?”

“Ndiyo, mjomba.”

“Basi hawa wa hapa nao wakashushie baharini, si kwenye mashua yangu.”

Alichota maji kwa kopo la rangi, akaumwagia ukingo kwa mkupuo mmoja, na maji yale meupe yakachuruzika ubavuni mwa mashua mpaka baharini.